Tapeti za Mzee Mshamu

Mohoro,
11 Januari 1993

Kwa mke wangu mdogo Muzdalifa,

Nakusalimu kwa salamu zote, za asubuhi na za jioni, uchague mwenyewe. Mimi babu yako ni mzima, isipokuwa goti, na goti hilo unalijua tangu hujaanza kutembea. Mpunga wa bondeni umeota vizuri mwaka huu, na ndege wameshaanza kuukagua. Jirani yangu Bi Mwanamina, fundi cherehani, anakusalimu sana. Nawe nisalimie baba yako Badru na mama yako, ila barua hii usiwaonyeshe.

Sasa jambo lenyewe. Pikipiki yangu inagonga kichwani, tak tak tak, kama mtu anayekwangua ukoko kwenye sufuria. Baba yako alikuja mwezi uliopita kwenye hitima ya bibi yako, akaisikia. Hakuuliza imeanza lini. Alisema, “Baba, mavuno yakiisha nakuja kukuchukua. Hicho chuma tunakiuza, na wewe unakuja kukaa Kibiti, chumba cha uani kipo.” Nilikuwa na wali mdomoni, nikaendelea kutafuna.

Mke wangu, mimi chumba cha uani sikitaki. Huko nitakaa kwenye kiti cha plastiki nihesabu mabasi ya Lindi mpaka nife. Walipotupunguza kazini mabwana shamba, wenzangu walichukua mabati kwa kiinua mgongo, mimi nikachukua pikipiki ya ofisi, kwa sababu bila hiyo sifiki shambani kwangu. Ikinyamaza kabla ya mavuno, Badru hana la kusema. Isiponyamaza, nimehama.

Wewe unafanya kazi kwenye duka la spea la Sadala, na nasikia siku hizi unashika na spana. Niandikie namna ya kuset tapeti, hizo skrubu za valvu kichwani mwa injini, hatua kwa hatua, nitafanya mwenyewe hapa uani. Mafundi wa huku siwataki. Wa mwisho aliondoka na kabureta yangu kwenda kuisafisha, akarudi na ya mtu mwingine. Nami nimewafundisha watu kupanda pamba kwa mistari wilaya nzima, sitashindwa na skrubu mbili.

Ukiona mwandiko umekuwa mzuri usishangae, ni kalamu mpya.

Ni mimi mumeo,
Mshamu


Bismillahi Rahmani Rahim

Kibiti,
2 Februari 1993

Kwa babu yangu mpendwa, mume asiyenunua hata khanga,

Shikamoo. Barua yako imenifikia jana. Mudy, kondakta wa basi, aliiweka kwenye mfuko wa suruali, suruali ikaenda kufuliwa Mbagala, na yeye akaisahau. Namshukuru Mungu kwamba mwenye kufua alipekua mifuko. Sisi hatujambo. Baba anakohoa kidogo lakini hataki dawa, nadhani unajua kairithi wapi tabia hiyo. Dukani kumejaa vitu. Zama hizi za ruksa ya kuagiza vitu nje, spea zinatoka kila nchi, nyingine hata nchi yake haijulikani, na Sadala amenifundisha kuzitambua feki kwa kuzipima uzito mkononi.

Mwambie Bi Mwanamina nimepokea salamu zake. Lakini lile gauni alilonishonea Idd iliyopita, babu, mkono mmoja mrefu na mwingine mfupi! Nilishinda siku nzima nimekunja kiwiko kama niliyevunjika. Hilo usimwambie, ni letu sisi wawili.

Haya, sikiliza. Fanya kazi asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, kabla hata hujanywa chai. Toa plagi. Fungua kifuniko cha ubavuni, utaliona gurudumu la magneti. Lina mstari mwembamba wa alama. Lizungushe polepole mpaka mstari ule utazamane na kijino kilichotokeza pembeni. Hapo pistoni iko juu. Sasa fungua vifuniko viwili vya kichwani, utikise ile mikono miwili inayosukuma valvu. Yote miwili iwe inacheza. Ukiona mmoja umekaza, pistoni imepanda kwa zamu nyingine, basi zungusha tena duara zima moja.

Kipimo cha nafasi ya kuachia hapo kinaitwa fila. Sadala anayo moja tu na haimtoki mfukoni. Lakini karatasi hii ya barua za ndege nimeipima kwa fila hiyo, na unene wake ndio hasa unaotakiwa. Kata kipande ukingoni mwa barua hii, kiingize kati ya skrubu na valvu. Legeza nati, zungusha skrubu mpaka karatasi itoke kwa kuvutwa kidogo, isiteleze yenyewe wala isichanike. Shika skrubu isisogee, kaza nati. Fanya hivyo pande zote mbili.

Nataka ubaki Mohoro, babu. Chumba cha uani kina mbu, na sisi wenyewe tumeweka baiskeli mbovu humo. Nijibu upesi.

Mkeo asiyetunzwa,
Muzdalifa


Mohoro,
9 Machi 1993

Kwa Muzdalifa,

Leo ni katikati ya mfungo na koo limekauka, kwa hiyo salamu pokea fupi. Goti liko pale pale. Mto umeanza kujaa. Watu wa Mohoro wanabishana habari za vyama vingi kuanzia daku mpaka futari, kisha wanakula sahani moja.

Maelekezo yako niliyafuata yote, isipokuwa moja. Uliniambia nikate barua. Juu ya barua umeandika jina la Mungu, chini yake umeniamkia. Nitakataje karatasi hiyo niitie kwenye oili chafu? Nani amekulea wewe? Barua yako imekunjwa vizuri, imewekwa juu ya kabati pamoja na msahafu. Nilichukua kadi ya mwaliko wa harusi ya binti wa Zaidi muuza samaki, nikakata sehemu ya chini iliyoandikwa saa ya pilau. Ilikuwa nene kidogo, lakini nikasema karatasi ni karatasi.

Sasa kelele zimeongezeka. Jana nimepita kwa akina Zaidi, wanawake watatu wametoka na mpunga kichwani, wakidhani mashine ya kukoboa imefunguliwa. Imamu ameniomba kwa adabu niwe naiacha mbali na msikiti.

Alama ya kwenye magneti niliipata kwa kukadiria.

Halafu lile gauni, mikono yote miwili ilikuwa sawa. Wewe ndiye uliyekuwa ukirefuka upande mmoja.

Mshamu


Bismillahi Rahmani Rahim

Kibiti,
22 Machi 1993

Kwa babu yangu,

Shikamoo, na Idd njema, ingawa najua barua hii itakukuta umeshamaliza tambi zote. Hapa tunasubiri mwezi. Mama ameshaloweka mchele tangu jana kwa haraka zake. Baba amepona kikohozi na ameanza tena kukitaja chumba cha uani. Jumapili alizitoa baiskeli.

Babu, nimecheka mpaka Sadala akaja kuniuliza kama nimeumwa na mdudu. Kadi ya harusi! Unene wake ni mara tano au sita ya unaotakiwa, lazima mashine ya kukoboa iitike. Haya, nimekuwekea humu ndani vipande kumi vya karatasi ile ile ya ndege. Havina hata herufi moja. Vitie oili, vikanyage, hutapata dhambi.

Lakini kuna neno limenikaa rohoni. Alama kwa kukadiria ndiyo nini? Mstari ule haukadiriwi, unatazamwa. Ukikosea zamu ya pistoni, utapima nafasi isiyo yake, kisha ukimaliza valvu moja itabana. Kelele zitaisha na utafurahi, kumbe valvu haifungi sawasawa tena, inaungua humo ndani kimya kimya. Kelele ni nafuu kuliko kimya cha namna hiyo. Asubuhi toka nayo juani, futa vumbi, utazame vizuri.

Na ni nani aliyekwambia habari ya mimi kurefuka upande mmoja? Hayo si maneno yako.

Muzdalifa


Mohoro,
28 Aprili 1993

Kwa mke wangu,

Barua yako imenifikia juzi. Maji yamejaa, kivuko cha Ndundu kilisimama siku nane, na mabasi yalilala ng'ambo. Mudy anasema barua zilikuwa salama ila mikate yote ililiwa. Mpunga umesimama vizuri, Alhamdulillahi, nguruwe wameambulia pembeni tu. Nisalimie wote. Baba yako mwambie baiskeli zake azirudishe mahali pake.

Vipande vyako nimevitumia. Kelele zimekwisha kabisa! Nilipita sokoni hakuna aliyegeuka. Nilifurahi mpaka nilipofika nusu ya njia ya shambani, injini ilipopata moto ikazima, isiwake tena. Nilikaa kwenye gogo mpaka ilipopoa, ikawaka, ikaenda kidogo, ikazima. Nimekaa kwenye magogo yote ya njia hiyo, sasa nayajua kwa majina.

Unauliza alama. Alama haipo. Imefutika. Nimeifuta vumbi, nimeitoa juani, nimeipapasa kwa kidole, hakuna kitu. Huyo Mjapani aliyekuwa akichora siku hiyo alikwenda kula.

Jambo jingine dogo tu. Zaidi ameuhamishia uchaga wake wa kukaushia samaki njiani, nami nikaugonga. Sikuumia. Samaki waliumia. Yeye anadai uchaga uko pale pale tangu amejenga nyumba, na watu wawili wamemuunga mkono, lakini ni shemeji zake.

Mshamu


Bismillahi Rahmani Rahim

Kibiti,
19 Mei 1993

Babu,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Nimeanza barua hii mara tatu na mara zote nimeichana.

Alama ile haijachorwa, babu. Imechongwa ndani ya chuma. Nimekwenda kuitazama kwenye pikipiki ya aina hiyo hiyo iliyoletwa kwa Sadala, ina umri mkubwa kuliko yako na imeanguka mtoni, na mstari unaonekana kutoka mlangoni. Haifutiki. Wewe ulifunga tapeti kwa zamu isiyo yake, kwa sababu mstari uko na hukuuona.

Mudy naye ameniambia jambo, akicheka. Anasema ulisimama stendi ukasalimiana na magunia mawili ya mkaa, ukayauliza habari za nyumbani, ukakasirika yasipoitika. Alisimulia mbele ya wateja, wote wakacheka, nami nikacheka nao. Kisha nikaenda nyuma ya duka nikakaa.

Huoni, babu. Si ndiyo?

Na mwandiko huu si wa kalamu mpya. Mwandiko wako unalala kulia, nilijifunza kusoma kwa orodha zako za mbegu. Nani anakuandikia? Na huyo ndiye anayekusomea?

Nilikuwa upande wako. Nilimficha baba barua zako zote. Sasa kila basi la kutoka ng'ambo likisimama hapa mbele ya duka moyo unaniruka. Naogopa siku moja Mudy atashuka kabla halijasimama vizuri, aje mpaka kaunta, ashindwe kunitazama. Naogopa kuletewa habari zako na dereva wa lori. Sitaki pikipiki ipone tena. Ikiwa mbovu, ndiyo salama yangu.

Usiipande mpaka uniambie ukweli. Nakuomba, tena sikutanii.

Mjukuu wako,
Muzdalifa


Bismillahi Rahmani Rahim

Kibiti,
14 Juni 1993

Babu,

Shikamoo. Mwezi karibu unatimia tangu nikuandikie, hujanijibu. Idd ya kuchinja imepita bila hata salamu. Kivuko kinafanya kazi, nimeuliza. Mudy anasema anakuona umekaa barazani, u mzima, na kwamba pikipiki anaisikia ikizunguka uwanja wa mpira wa shule, ila hajui nani yuko juu yake. Sikulala vizuri kwa habari hiyo.

Baba anakuja Jumamosi, tarehe 19. Anakuja na lori na kamba. Usiniulize amejuaje.

Muzdalifa


Mohoro,
27 Juni 1993

Kwa mke wangu mdogo Muzdalifa,

Salamu sana, na marahaba kwa zile shikamoo zote nilizokuwa sijaziitikia. Mpunga tumevuna, ni mzuri. Goti halijambo leo, sijui kwa nini. Zaidi amejenga uchaga mpya na amenialika niuone, akasahau.

Ni kweli, sioni. Jicho la kushoto lilikwisha tangu vuli ya mwaka juzi. La kulia linaona kivuli na mwanga, na mtu mrefu namjua kwa urefu wake. Daktari alinitazama akaniambia si mtoto wa jicho, hili halipasuliwi. Nilimshukuru, nikatoka, nikapanda pikipiki nikarudi nyumbani. Sikumwambia mtu. Mtu akishajulikana haoni, kila mmoja anamshika mkono na kumpeleka anakotaka mshikaji.

Mmoja tu ndiye aliyejua, kwa sababu sikuweza kumficha aliyekuwa akinisomea barua zako. Ni Bi Mwanamina. Ameandika zote, na hii anaiandika sasa hivi. Amesoma zote kwa sauti, pamoja na ile ya gauni. Hakusita hata neno moja. Alisoma mpaka “kama niliyevunjika,” akaikunja, akaniuliza nataka kukujibu nini. Ile ya kurefuka upande mmoja aliiongeza mwenyewe, nami nikaiacha kwa kuwa ilikuwa haki yake.

Tapeti nilikataa asizishike. Nilimwambia kusoma barua ni jambo moja, na pikipiki yangu ni jambo jingine. Ndiyo maana ukasikia habari za kadi na za magogo. Ni ujeuri wangu, usimlaumu yeye. Mwezi huu nimemwachia. Alifungua kifuniko, akauona mstari wako kwa mara moja, akatikisa ile mikono miwili, akaingiza kipande chako cha karatasi. Anasema skrubu ile ni kama ya kukazia uzi kwenye cherehani, ukiizidisha uzi unakatika, ukiipunguza unafanya mafundo. Injini inawaka moto au baridi. Uwanjani ni yeye aliyekuwa akijifunza, mimi nilisimama golini nikimwambia gia kwa kusikiliza sauti. Ameiangusha mara nne, na mara zote kaisalimia ardhi kwa heshima.

Sasa Jumamosi. Baba yako alifika na lori, na kamba begani. Nilikuwa barazani nimevaa kanzu. Hata maji hakunywa, akasema, “Baba, iwashe niisikie.” Bi Mwanamina akainuka kwenye cherehani, akajifunga ushungi vizuri, akapiga kiki moja. Ikawaka, na nilimsikia Badru akisogea kuinamisha sikio, kwa maana ilikuwa imetulia kweli kweli.

“Nani kaitengeneza?”

“Mimi,” akasema Bi Mwanamina.

“Na anayeiendesha?”

“Mimi vile vile. Baba yako anakaa nyuma, na akinifundisha kupita kiasi namshusha.”

Hapo nikamwambia, “Mwanangu, mimi sioni.” Maneno matatu hayo yalinishinda miaka miwili. Baba yako alikaa kwenye ngazi. Nikasikia anavuta pumzi kama alivyokuwa akifanya utotoni, akikataa kulia. Kisha akasema, “Basi, baba, twende nyumbani.” Nikamjibu kwamba nyumbani ndipo hapa, na kwamba asiondoke, maana imamu anakuja baada ya adhuhuri na nimepungukiwa shahidi mmoja.

Nimeoa, mke wangu. Sikukujibu kwa sababu mwanamke aliyekuwa akiandika barua zangu alikuwa hajanipa jibu lake mwenyewe, na nisingeweza kumwambia aandike, “Namsubiri huyu anayeandika.” Badru alikuwa shahidi, alikula pilau sahani mbili, akarudi Kibiti na kamba yake na gunia la mchele mpya. Chumba cha uani ampangishe mtu.

Najua ni wewe uliyemwambia. Alipotaja magunia ya mkaa nikajua. Usijifiche na usijilaumu. Ningekuwa na mjukuu wa kuninyamazia, saa hizi ningekuwa nimelala kando ya barabara chini ya gurudumu. Wewe nakupenda, na hilo silisemi kwa utani.

Mumeo, ambaye sasa ana wake wawili,
Mshamu


Mke mwenzangu Muzdalifa,

Haya ni yangu mimi Mwanamina. Yeye hayajui, nimemwambia naandika anwani.

Usikae na shaka kwamba ni baba yako aliyemshusha kwenye pikipiki. Barua yako ya mwezi wa tano ilifika siku ya Jumatano, majuma matatu na nusu kabla ya lori. Nilimsomea tukiwa uani. Nilipofika pale uliposema unaogopa kuletewa habari zake na dereva wa lori, akaniambia nirudie, nikarudia. Akaniambia tena, nikarudia tena. Alitia mkono mfukoni akatoa ufunguo, akapapasa mpaka akaupata mkono wangu, akauweka humo akaufunga kwa vidole vyangu mwenyewe. Alisema pikipiki imemchosha. Haikumchosha, mwanangu. Ni wewe. Tangu siku ile hajauomba tena ufunguo.